Wimbo wa Nyongeza

Espérance aliponipigia simu mwezi wa nane kuniambia yuko Kigali, sikumjua. Nilisikia sauti nzito ya kukwaruza, nikadhani ni yule fundi wa bomba niliyekuwa nikimsubiri tangu asubuhi, nikaanza kumgombeza palepale. "Mariamu, ni mimi," akasema. Nikamjibu kwamba kina mimi ni wengi, ataje jina. Hapo akacheka, na kicheko ndicho kilichomtaja, maana kicheko chake madaktari walikiacha kama kilivyokuwa. Sauti ndiyo iliyoharibika. Huko Kanada alikoolewa alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, ukaguswa mshipa unaoendesha sauti, na tangu hapo kuongea anaongea, lakini kuimba ndiyo basi. Alinieleza hayo harakaharaka, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kisha akafika kwenye lile lililomfanya anitafute. Binti yake, Kelia, anaimba kwenye kwaya ya shule, na kila mama yake akimwambia kwamba hata yeye aliimba, mtoto hutabasamu kwa adabu. "Anatabasamu, Mariamu! Afadhali angenibishia. Ile yetu iko wapi? Ile tuliyorekodi siku za Ijumaa? Niko nataka aisikie hata mara moja tu." Nikamwambia nitaitafuta. Sikuwa nayo, na nilijua kwamba sina, lakini mtu mwenye sauti ile ungemwambia nini?

Mwaka wa wimbo huo tulikuwa wasichana, na tulikaa chumba kimoja Nyamirambo, hapahapa Kigali, chumba cha uani chenye dirisha dogo na pazia la katikati ambalo hatukulifunga hata siku moja. Ukuta wa upande wake ulikuwa na picha ya Bikira Maria, wa upande wangu kalenda ya msikiti, na jiko la mkaa tulilitoa nje mvua isiponyesha. Espérance alikulia Bujumbura, na alikuja na kiburi chote cha watu wa ziwani. Maharage yasiyo na mawese hakuyahesabu kuwa chakula, na chapati zangu alisema zinafaa kufunikia sufuria, ingawa alizila hadi ya mwisho. Mchana alisuka nywele saluni mjini; jioni alikaa kwenye kizingiti na ungo magotini, akichagua maharage na kuimba. Nyuma ya ukuta wetu waliishi mume na mke waliogombana kwa Kinyarwanda na kupatana kwa Kifaransa, na sisi tulifuata mashauri yao yote kama watu wanaofuata mchezo wa redio. Siku moja ugomvi ulikuwa umepamba moto, sahani zinalia, mara tukasikia mke anamwambia mumewe, "Ceceka, wumve." Nyamaza, usikie. Kimya kikaingia upande wa pili. Espérance hakugundua kwamba anasikilizwa, akaendelea kuimba na kutupa vijiwe vya maharage uani. Nakumbuka nilisimama na mwiko mkononi nikiwaza kwamba sauti inayoweza kunyamazisha watu wale inaweza kufanya lolote duniani.

Mimi nilikuwa nauza nyimbo. Zama zile kila mtu alikuwa amepata simu yenye memori kadi, na hakuna aliyekuwa na intaneti ya kushusha chochote, kwa hiyo watu walikuja dukani kwetu na kadi zao ndogo kama ukucha, tukawajazia. "Dada, niwekee nyimbo mingi." Za nani? "Zote. Iko inaingia ngapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la Nyamirambo nzima, zinaingia ngapi, na jibu langu lilikuwa MP3, wimbo uliobanwa, kwa sababu MP3 kumi zilikaa pale inapokaa WAV moja isiyobanwa. Fundi cherehani alitaka wimbo wa kutwa nzima, dereva wa pikipiki alitaka wa kituoni, mwanafunzi alitaka wa kitandani, na wote walitaka wingi. Na kama mama wa sokoni anavyokupimia nyanya kisha akatupia moja juu, duka letu nalo lilikuwa na nyongeza yake: wimbo mmoja ambao mteja hakuuomba, niliouchagua mimi. Pale kwetu mteja asiyepewa nyongeza hujiona ametukanwa. Nilizichagua nyongeza zangu kwa makini, na wakati mwingine mtu alirudi baada ya wiki akaniambia nyimbo zote alizoziomba zimemchosha, anasikiliza ile moja tu.

Mwenye duka alikuwa Shabani, Mnyarwanda aliyekulia Kigoma, mtu mpana, mwenye manukato, aliyezungumza Kiswahili kama anayetandika mkeka. Nyumbani kwake sebuleni alikuwa na spika mbili ndefu ambazo mkewe aliziwekea vitambaa na maua ya plastiki, na Jumapili alimwalika yeyote aliyekubali kukaa kimya, amsikilizishe. Huko hakucheza MP3. Alicheza CD, au WAV aliyoitoa mwenyewe kwenye CD, na ukimpa nafasi alikueleza sababu. "WAV ni nguo iliyotundikwa kabatini," alikuwa akisema. "FLAC ni nguo hiyohiyo umeikunja vizuri, ukiikunjua haijapungua uzi. MP3 ni nguo uliyoikata mikono ili iingie kwenye begi." Nami nilimjibu kwamba kwenye jua la mchana nani anataka mikono mirefu, na kwamba hiyo FLAC yake hakuna simu hata moja Nyamirambo inayoijua. Tulibishana hivyo mwaka mzima, asubuhi juu ya chai ya maziwa, adhuhuri juu ya sambusa, na sidhani kama kuna siku mmoja wetu alisogea hatua. Mimi nilishikilia kwamba MP3 hukata kile ambacho sikio la mtu halitakikosa. Yeye alishikilia kwamba sikio hukosa kila kitu, ila halina mdomo wa kusema.

Na bado tulikuwa na ujinga wetu wa pamoja. Shabani aliamini kwamba sauti iliyokatwa hurudi ukiibembeleza. Watu wenye redio kubwa nyumbani walipomletea MP3 zao, alizigeuza kuwa WAV, faili likavimba mara kumi, akawakabidhi kwa heshima kama daktari anayemrudisha mgonjwa kwa jamaa zake. Nao walisikia tofauti! Mzee mmoja aliapa kwamba sasa anamsikia hata mpiga gitaa akivuta pumzi. Mimi pia niliamini, nisiseme uongo. Faili lilikuwa kubwa kweli, na sisi ni watu wa soko, tumezoea kwamba kizito ndicho chenye kitu ndani. Ilipita miaka kabla sijaelewa kwamba tulikuwa tumewanunulia watu sanduku kubwa zaidi, na ndani ni nguo ileile isiyo na mikono.

Espérance alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe kwa Kirundi, juu ya mama anayewaita watoto waingie ndani kabla ya mvua. Alitaka kuupeleka redio, na redio walitaka CD, si memori kadi. Kurekodi Nyamirambo kulikuwa kazi. Cherehani, honi, wauza karanga, muziki wa duka letu na wa duka linalofuata, vyote viliingia kwenye kipaza sauti kabla ya mwimbaji. Lakini Ijumaa, adhana ikishaisha na wanaume wakishaingia msikitini, ule mtaa ulikuwa unatulia kwa namna ambayo sijaisikia tena popote. Mafundi walifunika cherehani zao, Shabani alivuta mlango na kwenda, na mimi, kwa kuwa mwanamke halazimiki kwenda swala hiyo, nilibaki dukani na ufunguo. Ndipo Espérance alipopanda kutoka mjini wakati wa chakula chake cha mchana, Mkatoliki wa Bujumbura, akatumia saa yetu ya sala. Tuliifunika kompyuta kwa blanketi ili feni isivume. Alisimama akiutazama ukuta wa maganda ya CD, mikono nyuma kama mtoto wa shule, na tulirudia Ijumaa baada ya Ijumaa: mara mbuzi, mara mvua juu ya mabati, mara mimi nimepiga chafya.

Ile iliyofaulu ilifaulu bila sisi kutegemea. Aliimba mpaka mwisho, hakuna kilicholia nje, na alipofika pale mama anapoita jina la mtoto wa mwisho nililia, na mimi si mtu wa kulia. Tukagawana ekuteri za masikioni, sikio moja lake, moja langu, tukaisikiliza tumekaa sakafuni tukila mandazi. Harufu ya nywele zake, mafuta ya saluni, naipata hata sasa ninapoandika. Shabani aliporudi msikitini alitukuta hapo. Akaiweka kwenye spika za duka, akaketi mpaka ilipoisha. "Hii msiiguse," akasema. "Ibaki hivihivi ilivyo."

Mimi nikasema naifanya MP3 leoleo, niitie kwenye nyongeza. Akanigeukia. "Mariamu, huyu binti ana mikono mizuri. Usimkate."

"Na nani ataiona hiyo mikono ikikaa kabatini?"

"Atakayefungua kabati."

Tungeendelea hadi magharibi, ila mwenye wimbo alikuwa amechoka nasi. "Sha, fanyeni zote mbili," akasema, mdomo umejaa andazi. "WAV ikae hapa nyumbani, MP3 itembee. Ni nini mnagombania?" Ndivyo tulivyofanya. WAV ikalala kwenye hadi diski ya kompyuta ya duka, nakala zikachomwa kwenye CD mbili, moja ya redio na moja ya Espérance, na MP3 nikaanza kuitia kwenye kila kadi iliyopita mkononi mwangu. Redio walipokea CD, wakasema wataipiga, na mpaka leo hatujasikia.

MP3 ilitembea. Sijui nitumie neno gani kuieleza furaha ya wiki zile. Tulikuwa tunashuka pamoja jioni moja, tumebeba makaa, na kwenye kituo cha pikipiki simu ya dereva ilikuwa inaimba mfukoni mwa koti lake, na aliyekuwa akiimba ni Espérance. Sauti ilikuwa nyembamba, imebanwa, inakwaruza kwenye herufi s, lakini ni yeye. Akanishika mkono akaniumiza. Akamwendea dereva, akamuuliza huyo anayeimba ni nani.

"Sijui, dada. Iko kwenye memori tu. Ni wa Burundi uyo, ni star mukubwa."

"Mukubwa kabisa?"

"Ee! Hapa haji kwa pesa kidogo."

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema Espérance, akaweka gunia chini akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa myeusi kwa makaa. Tulicheka njia nzima, uso wake umechafuka kama wa mpishi. Nilipomsimulia Shabani kesho yake alitikisa kichwa, akasema basi mmemtembeza mjini bila mikono, lakini nilimwona akigeuka ili asionekane anatabasamu. Laiti mtu angeniambia jioni ile kwamba hiyo ndiyo yenyewe, kwamba hakuna kubwa zaidi inayokuja, ningepunguza mwendo.

Mwaka haujaisha, posa ikaja kutoka Kanada. Gusaba, sherehe ya kuomba mke, ikafanyika, wazee wakataniana na kunyimana na mwisho wakapeana, na bibi harusi akaondoka na sanduku moja. CD aliyoenda nayo iliharibika katika kuhamahama, hilo alinieleza mwenyewe. Hadi diski ya duka nayo siku moja ikaanza kugonga ndani kama mtu anayebisha hodi, kisha ikanyamaza. Shabani aliipeleka kwa kila fundi wa mjini, na wote walimwambia haina kitu tena. Hakuitupa. Aliifunga kwenye leso akaiweka kwenye droo, na ilikuwa bado kwenye droo hiyo siku alipotangulia mbele ya haki. Simu zangu za wakati ule sijui ziko wapi, na kadi zilizokuwamo sijui ziko wapi.

Siku hizi nafanya kazi Masoro, kwenye ghala, na ninaishi Kagarama, na nimeishia kuwa mtu ambaye Shabani angemwalika Jumapili. Nafasi ya kuweka faili imekuwa bure; nyumbani naweka FLAC, nina spika nzuri, na nikiwa peke yangu nasikiliza nimefumba macho. Kwenye simu, njiani, bado MP3, kwa ukaidi tu. Wanangu hawana faili hata moja. Nyimbo zao ziko hewani, wanaziita zinakuja, wakimaliza zinaondoka, na nikiwauliza kama wana nakala wananitazama kama niliyeuliza nakala ya upepo. Sitaki kuwa bibi wa kulalamika. Ila Espérance aliponipigia, nilielewa kwamba hewani hatumo, mimi na yeye. Wimbo wetu uko mahali fulani kwenye kitu kinachoshikika au haupo kabisa.

Kwa hiyo nilirudi Nyamirambo kuuliza. Niliona aibu kidogo, mwanamke mzima kuingia duka kwa duka kuuliza kadi za zamani. Wengi walicheka. Mwisho nikafika kwa Bi Zubeda, mshonaji aliyekuwa jirani yetu, amezeeka lakini bado yuko kwenye cherehani ileile, na juu ya rafu redio ndogo ya Kichina yenye tundu la kadi. Kabla sijamaliza maelezo akanikatiza. "Ya yule mtoto wa Kirundi? Hiyo haijawahi kutoka humo, mama. Redio nimebadilisha, kadi ni ile uliyonijazia wewe." Akaibonyeza mpaka ikafika. Nilisikia mwanzo wake tu, cherehani tatu zikilia na watoto wakikimbizana mlangoni. Nikaomba niinakili. Sikuisikiliza njiani wala nyumbani. Nilitaka tuisikie pamoja.

Alikuja Kagarama Jumamosi mchana, na skafu shingoni, mnene kidogo, mrembo. Nilikuwa nimempikia maharage ya mawese na akayasema vibaya, nikajua ni yeye kweli. Tulipomaliza kula nikamwonyesha faili kwenye kompyuta, dogo, halina hata jina la mwimbaji. "Ni MP3 hii," akasema kwa ile sauti yake ya sasa. "Huwezi kuirudisha WAV? Shabani alikuwa anazirudisha." Nikamwambia hairudi, kwamba haikuwahi kurudi, tulikuwa tunajidanganya. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaweka simu yake mezani, tayari kumtumia Kelia, akasema, "Haya, weka."

Nikaweka. Mkwaruzo wa herufi s ulikuwepo, na mwisho wa kila neno ulizama kana kwamba unaimbwa ndani ya maji, na hayo nilikuwa nimeyategemea. Nisichokitegemea ni msichana mwenyewe. Alikuwa msichana mwenye sauti nzuri, kama wasichana wazuri walio katika kila kwaya ya kila parokia. Pumzi ilimwishia kabla ya mstari kwisha. Pale mama anapoita jina la mtoto wa mwisho, pale nilipolia, sauti ilipanda kuifuata noti, haikuifikia, ikabaki chini yake, na aliporudia ikabaki chini tena. Nikaangalia sakafu. Miaka yote hii nilikuwa nimebeba sauti nyingine, na sijui niliitoa wapi: kwenye kizingiti na ungo, au kwenye ile Ijumaa iliyotulia, au ndani yangu mwenyewe. Iliyokuwa inajua ukweli ni WAV, nayo imekufa. Lakini mimi nimeishi na mambo haya muda mrefu. MP3 hukata mengi, hukata ncha na mikia na hewa iliyo kati ya maneno. Haijawahi kumshusha mtu chini ya noti.

Wimbo ukaisha. Espérance hakuigusa simu yake. Alikuwa ameshika skafu shingoni kwa vidole viwili, na alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye, hata siku ya kuagana.

"Niliimba hivi, Mariamu?"

"Hapana," nikasema. "Hukuimba hivi. Hii ni MP3, tena ya kubanwa sana. Imekula sauti yako yote ya juu."

Nikaona mabega yake yanashuka taratibu.

"Shabani alituambia," akasema.

"Alituambia," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mbishi."